Neti ya Liz

Ndugu zangu wa ziwani na wa milimani, nimechoka, lakini hili nitalisema. Nilifundisha miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo watu wa hapa Homa Bay wananiita Mwalimu Truphena kwa heshima, kana kwamba sijawahi kukosea. Nilikosea. Sikilizeni.

Nyumbani kwa Nashon palikuwa mahali pa kupumzisha moyo. Ukipita jioni ungemkuta mkewe Filister akikaanga dagaa wa omena, Nashon akihangaika na redio yake, na binti yao wa pekee, Liz, akiimba. Alikuwa na miaka tisa. Aliimba nyimbo za kanisa, matangazo ya sabuni, hata wimbo wa taifa, beti zote tatu, ambao wengi wetu tunajua ubeti mmoja halafu tunachezesha midomo.

Juu ya kitanda chake palining'inia neti ya mbu. Miaka hiyo neti ilikuwa kitu adimu. Filister aliletewa na dada yake kutoka Asumbi, baada ya malaria kumshika Liz akiwa na miaka sita na kumtia degedege. Daktari alionya kwamba mtoto huyo asilale bila neti hata siku moja. Nashon alikuwepo daktari akisema.

Kisha, mwaka wa tisini na sita, tukaambiwa mashindano ya riadha ya shule, ya nchi nzima, yatafanyika kwetu. Mikoa yote minane! Sisi tuliozoea kuisikia nchi redioni, sasa nchi yenyewe inakuja kulala kwetu. Msinicheke. Miaka michache tu nyuma Wakenya walikuwa wamechomeana nyumba kwa sababu ya kabila. Niliposoma orodha ya watoto, wa Nandi, wa Nyeri, wa Garissa, wa Kwale, wote kwenye karatasi moja, nililia. Fahari ile ilikuwa ya kweli na siwezi kuitukana.

Nashon akafanywa mwenyekiti wa kamati ya wageni, mimi msaidizi wake. Hofu yetu ilikuwa moja: watoto wa milimani hawajazoea mbu wa ziwa. Mmoja akiugua, aibu ni ya wilaya nzima. Tukaamua kila nyumba yenye neti iitoe kwa ajili ya wageni, wiki mbili kabla, zifuliwe na kushonwa. Abdullah, mwenye duka la vitambaa, aliomba kuingia kwenye kamati. Alikuwa ameishi nasi miaka kumi na minane. Tukamwambia mambo haya ni ya wenyeji. Lakini kitambaa chake cha kushonea bendera tulikichukua, na neti yake pia, na asante hatukumpa.

Aliyezunguka kukusanya neti ni mimi. Kwa Nashon nilifika mwisho. Filister alisimama mlangoni pa chumba cha mtoto.

"Nyar Asumbi," Nashon akamwambia, maana kwetu mke huitwa kwa jina la kwao, "nitawaombaje watu neti zao na yangu inaning'inia?"

 Filister akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe unajua shida ya huyu mtoto."

Nilijua. Siku ile ya degedege Liz alianguka darasani kwangu. Nikasema ni siku chache tu, mama, mgeni ni mgeni. Nikaifungua kamba, nikaikunja, nikaenda nayo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliwakaribisha wageni na mwenyeji tukamwacha augue.

Siku mbili kabla ya ufunguzi Liz akapata homa. Nashon akasema ni uchovu, apewe vidonge vya dukani, atampeleka hospitali mashindano yakishafunguliwa. Pikapu ya kamati ilikuwa mkononi mwake, na funguo zilikaa mfukoni mwake.

Asubuhi ya ufunguzi uwanja ulijaa mpaka juu ya miti. Nashon alisimama mbele ameshika bendera ya wilaya, suti imenyooka. Ndipo nikamwona Filister langoni, mtoto mgongoni, akinipungia. Nikamkimbilia. Liz macho yamepinduka, mwili unaruka. Nikarudi mbio kwa Nashon.

"Nashon, ni degedege. Toa funguo."

"Mwalimu, mgeni rasmi ndiye huyo anaingia," akanong'ona. "Wimbo ukiisha tu."

Na wimbo wa taifa ukaanza. Nashon akasimama wima. Na mimi, jamani, nikasimama wima, mikono imenyooka, kama nilivyowafundisha watoto miaka yote ile. Uwanja mzima ulitulia. Filister alikuwa akinitazama kutoka langoni, na sikusogea.

Waliosogea ni watu wawili tu. Abdullah hakupewa kiti, kwa hiyo alikuwa nje na mkewe Ruqia, karibu na gari lao. Ruqia akampokea mtoto, wakamwingiza Filister, na Abdullah akawasha gari katikati ya wimbo. Askari akapiga kelele asimame. Hakusimama.

Liz hakufa. Malaria ilikuwa imepanda kichwani, na alipoamka siku ya nne hakumsikia mama yake akimwita. Hajasikia tena. Kuimba pia kuliisha polepole, maana asiyejisikia atajuaje sauti yake iko wapi.

Wiki iliyofuata Abdullah aliitwa ajieleze kwa nini aliudharau wimbo wa taifa. Alijieleza. Mimi na Nashon hatukuulizwa lolote.

Nilipokwenda stoo ya shule kuchukua neti nizirudishe, nilizikuta zimefungwa vilevile nilivyozifunga. Wale watoto wa milimani walikuwa wamekuja na za kwao. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Siku hizi kukiwa na sherehe uwanjani, Nashon huja na Liz na hukaa kando, karibu na lango. Wimbo wa taifa ukianza, humgusa bega, na binti husimama. Mikono yake huinyoosha vizuri sana. Mimi ndiye niliyemfundisha, na siku hizo siwezi kumtazama.

Funzo

Ipendeni nchi. Wapokeeni wageni, mshangilie mpaka sauti zikauke, hakuna ubaya. Lakini nchi si bendera peke yake. Nchi ni mtoto aliyelala chini ya paa lako, na ni jirani uliyemwita mtu wa kuja. Usimvue mtoto wako ili nchi ionekane imevaa. Na siku utakaposikia wimbo wa taifa huku mtu anakufa langoni, ondoka, mkimbilie. Wimbo utaimbwa tena kesho. Liz haimbi tena.