Kilichosimama Mbele ya Boneti

Jua lilikuwa linamalizikia nyuma ya matangi ya maji nilipotoka kwenda kumchukua binti yangu kwa bibi yake. Safari ya kawaida. Unapita mitaa ya nyuma, unanunua mkate, unarudi na mtoto aliyekwisha kusinzia kwenye kiti. Kwa kawaida naenda na kigari changu, lakini siku hiyo hakikuwaka. Mume wangu alikuwa amenitahadharisha tangu asubuhi, akijipaka mafuta mbele ya kioo, kwamba betri imekufa. Akanipa funguo zake mkononi.

"Leo panda Ghorofa, Profesa," akasema. "Halitakung'ata."

Mimi si profesa. Ni mhadhiri wa mipango ya barabara. Na Ghorofa ni jina ambalo majirani walilipa gari lake: jeusi, refu, la kupandia milima, katika mji usio na mlima hata mmoja. Tulikuwa tumegombana sana juu ya gari lile. Yeye alidai barabara zetu zina mashimo. Nikamwambia shimo kubwa kuliko yote liko mbele ya geti letu, na yeye huliruka na viatu vyake vya ngozi bila hata kukatiza simu. Akahamia kwenye heshima, kwamba ukikaa juu watu wanakupisha. Hapo nikamwachia. Ukishaanza kubishana na mtu mzima kuhusu heshima ya matairi, umejitafutia kukosa usingizi.

Kilichoniuma ni kwamba anaijua kazi yangu. Nilipokwenda kuwaonyesha madiwani kwa nini magari yale yasiachwe kuingia mitaa ya makazi, nilipanga ndoo mbele ya boneti la gari kama lile, moja juu ya nyingine hadi zikafika kimo cha mtoto wa chekechea. Nikampandisha diwani mmoja kwenye usukani, nikamwuliza anaona ndoo ngapi. Hakuona hata moja. Zile ndoo alinibebea mume wangu. Alipiga makofi kuliko wote. Ndipo nikawaambia neno ninalolirudia hadi wanafunzi wananiigiza kwa sauti ya puani: kama huoni mbele, shuka uangalie.

Halafu akaenda kulinunua. Aliliuza mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Miwani, kwa bei ya chini ambayo mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mume wangu hakujiuliza. Na tangu gari lile liingie uani, macho yake yakaanza kumsumbua. Ukungu, alisema. Alisogeza gazeti hadi likagusa pua. Daktari alimmulika, akampima, akasema macho ni mazima kabisa. Mimi nikamwambia ni simu, apunguze simu.

Basi nikapanda Ghorofa.

Pale pembeni mwa uchochoro wa mama mkwe yupo fundi cherehani, alikuwa anakunja nguo zake afunge kazi. Akachungulia juu, akaniuliza, mwalimu, humo unashukaje, kwa ngazi? Nikamjibu kwamba nasubiri helikopta. Tulicheka wote wawili. Ndicho kicheko changu cha mwisho jioni ile.

Uchochoro ule ni mwembamba. Ghorofa lilipenya kama mtu mnene anayepita katikati ya viti vya harusi. Mbele, mwisho kabisa, niliona geti la mama mkwe.

Pip.

Kengele ya gari. Ile inayolia ukikaribia kitu.

Pip. Pip. Pip.

Nikatazama kioo cha mbele. Boneti tupu, jeusi, pana kama meza ya chakula. Nikatazama skrini, ile inayoonyesha picha ya kamera iliyo chini kwenye bampa.

Alikuwepo mtoto.

Amenipa mgongo. Mdogo. Sweta limelowa, limening'inia hadi magotini...

Nilikanyaga breki hadi mkanda ukanikata kifua. Kifaranga! Ndivyo tunavyomwita binti yangu, kwa sababu huwafuata watu miguuni, na kimo kilikuwa kilekile. Mkono wangu ulikuwa umeshashika mlango nilipoinua macho nikamwona Kifaranga mwenyewe kule mbele, getini. Bibi yake amemshika mkono. Hapungi, haji. Amemvutia nyuma yake, amembana.

Basi huyu ni nani?

Nikapiga honi. Kwenye skrini hakutikisika. Hewa ya ndani ya gari ikaanza kunuka vumbi lililoloweshwa, na sufu mbichi, ile harufu ya nguo iliyoanikwa bila kukauka. Mtambo, nikajiambia. Kamera imeingia maji, imeganda na picha ya zamani. Mimi ni mtu wa vielelezo, bwana. Mguu wangu ukahamia kwenye mafuta.

Lakini kengele ile ilikuwa inanitoboa masikio, kwa hiyo nikampigia kwanza mume wangu anielekeze inazimwaje. Alipokea kabla simu haijaita vizuri.

Nikamwambia nimefika kwa mama, gari linalia, linadai kuna kitu mbele.

"Hakuna mtoto hapo," akasema. "Kanyaga tu."

Mguu wangu ukatoka kwenye mafuta.

Kengele ikanyamaza.

"Nimesema kitu," nikamwambia. "Sijasema mtoto."

Nilimsikia akipumua. Nimeishi na pumzi ile miaka mingi, najua ya uchovu na ya uongo. Hii ilikuwa ya mtu aliyeshikwa mkono ndani ya mfuko wa mwenzake.

"Mke wangu," akanong'ona. "Ni mara moja tu. Ukimpita mara moja, yanaisha."

"Yanaisha kwako au kwangu?"

Alijibu mengine, harakaharaka, kama anayetapika. Kwamba Miwani alimgonga mtoto jioni moja kwenye mtaa kama huu, akaendelea na safari, akaja kusema alidhani ni tuta. Kwamba tangu hapo, jioni, katika mitaa myembamba, mtoto husimama mbele ya boneti, na anayempita bila kushuka hupungukiwa nuru kidogo kidogo. Miwani siku hizi hata miwani yenyewe haimsaidii, anaongozwa mkono hadi chooni. Mume wangu alimpita siku ileile aliyolichukua gari, kwa sababu hakuwa na habari; ila funguo alizikuta ndani ya gari, hakupewa na Miwani mkononi, kwa hiyo Miwani hakupona. Akaenda kwa mganga. Mganga akamwambia njia ni moja: atafute mtu asiyejua, ampe funguo kwa mkono wake mwenyewe, mtu huyo ampite mtoto. Macho yatamrudia yeye, na ukungu utamhamia huyo mwingine.

"Na ukanichagua mimi."

"Nani mwingine angepokea funguo zangu bila kuniuliza?" Sauti yake ilikuwa inalia, na sijui kwa nini hilo ndilo lililonichukiza zaidi. "Halafu wewe huamini mambo haya. Nikaona pengine hayatakudhuru."

Nimesoma hadi shahada ya pili, nimebishana na wahandisi wenye mvi, sijawahi kukubali nisichokiona kwa macho. Mume wangu alikuwa ameutegemea ukaidi huo. Alijua nitasema mtambo umeharibika, na alijua nitakanyaga mafuta.

Akasahau jambo moja tu. Zile ndoo.

Nilizima gari. Nikafungua mlango.

"Usishuke," akasema kwenye simu. "Nakuomba. Usishuke..."

Nilishuka.

Nikazunguka hadi mbele. Hapakuwa na mtu. Uchochoro mtupu, ukuta, mfereji, boneti linatoa joto. Lakini ile harufu ilikuwa nzito zaidi hapo kuliko ndani. Nikachuchumaa hadi kimo changu kikawa cha mtoto wa chekechea, na kwa mara ya kwanza nikaliona Ghorofa kama linavyoonekana kutoka huko chini. Halina dereva. Halina kioo. Ni ukuta mweusi wenye taa mbili, na juu yake hakuna mtu wa kumwita.

Kitu kikanipumulia shavuni. Baridi.

"Umeshuka," kikasema, karibu kabisa na sikio.

Kwa mshangao. Kama mtoto aliyeokotewa mpira wake na mtu mzima asiyemjua.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nikitembea hadi getini, na mama mkwe akinitazama. Hakutazama uso wangu. Alitazama nyuma yangu, magurudumu, pale yaliposimama. Kisha akaanza kulia bila sauti.

"Nawe ulijua, Mama," nikamwambia.

"Ni mwanangu," akasema. "Ungefanyaje, mwanangu?"

Nikamchukua Kifaranga mgongoni, nikaziweka funguo juu ya boneti nilipolipita, tukarudi kwa miguu. Kesho yake fundi gari alifungua kigari changu, akacheka. Betri ni nzima, akasema, waya umefunguliwa. Haukukatika. Umefunguliwa kwa spana, taratibu.

Tunaishi kwa dada yangu sasa. Kwa wiki kadhaa Ghorofa lilibaki limeziba uchochoro, na mtaa mzima ukagawanyika, wengine wakidai magari kama yale yapigwe marufuku, wengine wakisema wivu tu. Fundi cherehani alinipigia kuniambia kwamba aliyeletwa kulivuta aliwasha, akatazama skrini, akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Mume wangu alikuwa akija kumwona mtoto huku akipapasa ukuta wa dada. Nilimwonea huruma, sikatai. Sikumpa mkono.

Jumapili iliyopita alikuja akitembea sawasawa. Akaliruka shimo la mtaa wa dada bila kutazama chini. Akaketi, akachukua gazeti kwenye meza, akalisoma akiwa ameliweka pale linapowekwa na watu wote. Halafu akaniambia rangi ya kitenge changu imenipendeza.

Nikamwuliza Ghorofa liko wapi.

"Limeondoka."

"Nani aliliendesha?"

Akafungua ukurasa mwingine.

"Mtu tu," akasema.

Sidhani hata alimwuliza jina.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, mtu tu. Ulikabidhiwa funguo na bwana mmoja mpole, mkononi, akakuomba umsogezee gari. Kengele ikalia. Ukatazama boneti, ukaona ni tupu, ukakanyaga. Kama siku hizi jioni zinakuja na ukungu ambao daktari hauoni, huo si wako. Kama gari bado liko kwako, na hata kama umechelewa, jaribu.

Shuka uangalie. Chuchumaa kabisa.

Wala usimpe mwingine funguo.