Nakala za Kila Ijumaa

Jumatatu asubuhi muuguzi mkuu aliingia chumba cha mikutano cha hospitali kufuta vumbi, akakuta mashine ya video imelazwa kifudifudi, kifuniko pembeni, tumbo wazi. Diski, kile kikasha kinachotunza kumbukumbu zote, haikuwepo. Kabati la nakala za akiba za kila Ijumaa lilikuwa limevunjwa na halina kitu.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, imekula chumvi nyingi kuliko madaktari wengi wa pale. Lakini kila Alhamisi ndiyo iliyowakutanisha wagonjwa na daktari bingwa aliye mbali, na miaka tisa ya ushauri wake ilikuwa ndani ya diski hiyo.

Inspekta wa polisi alifika saa tatu. Kamera ilikuwepo, televisheni kubwa pia. Aliuliza ufunguo wa chumba hukaa kwa nani mwisho wa juma, akaambiwa kwa mlinzi wa getini. Akamfuata getini, akafungua daftari lake la wageni. Jumapili, ukurasa mtupu.

"Jana nani aliingia chumba cha mikutano?"

"Hakuna, afande."

"Ufunguo ulimpa nani?"

"Sikumpa mtu."

"Basi ni wewe."

Inspekta akamfunga mlinzi pingu palepale getini, mbele ya foleni ya wagonjwa na mbele ya binti wa mlinzi aliyekuwa amemletea baba yake chakula. Njia nzima alijipongeza kwamba kesi imekwisha kabla ya saa sita. Haraka haraka haina baraka, aliwaambia askari wake kila wiki, ila siku hiyo mwenyewe hakujisikiliza.

Jumanne alirudi kuchukua maelezo ya fundi wa hospitali, mzee mmoja ambaye kila mtu, hadi wafagiaji, alimwita Profesa. Mlinzi alikuwa shemeji yake, ndugu wa mkewe, na kazi ile ya getini ni Profesa aliyemtafutia. Inspekta alimhurumia, akaenda naye polepole.

Karakana ilijaa feni, redio na vipima presha vilivyotolewa matumbo. Jambo moja lilimchekesha inspekta: hata pale ambapo kifaa kilikuwa kimeng'olewa, skrubu zake zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu na kukazwa. Alimtania fundi kwamba anafunga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

"Skrubu ukiiacha mezani inapotea," alisema Profesa. "Mkono wangu umeshazoea."

Inspekta alikuwa ameshafika katikati ya ngazi aliposimama. Alirudi chumba cha mikutano, akainama na tochi juu ya ile mashine. Mahali pa diski palikuwa patupu, na skrubu nne zilikuwa zimerudi matunduni, zimekazwa barabara. Mwizi gani, roho iko mkononi, anakaa kukaza skrubu?

Hakutaka kuamini. Alikwenda kwa mganga mkuu kumuuliza kama nakala zote zilikuwa kwenye lile kabati. Mganga mkuu alijipiga paji la uso. Nakala moja ya kila mwaka huiweka mwenyewe kwenye droo yake, akasema, na ya mwaka huu anayo. Alitoa bahasha yenye flashi, akamwita fundi kwa furaha.

"Profesa, tumepona. Tia diski mpya, urudishe kila kitu."

Fundi aliitazama bahasha asiipokee. Jasho lilimtoka, na dirisha lilikuwa wazi. Inspekta akaichukua yeye, akasema acha kwanza ipite maabara ya polisi.

Jumatano, mtaalamu wa kompyuta wa maabara ya polisi, msichana ambaye inspekta angeweza kumzaa, alipiga simu.

"Afande, flashi haina kitu."

"Imefutwa?"

"Hapana. Haijawahi kuandikwa chochote tangu itoke dukani."

Inspekta aliiweka bahasha juu ya meza ya karakana. Juu yake, kwa mwandiko mzuri wa Profesa, palisomeka: Nakala kamili. Imekaguliwa. Kisha tarehe na sahihi.

"Diski iko wapi?"

Fundi alivuta droo, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye taulo.

"Nani aliiba?"

"Haikuibwa. Ilikufa Ijumaa. Wiki mbili nzima nilikuwa naisikia ikikwaruza."

"Diski kufa si kosa."

"Si kosa, afande. Ila wangeniambia rudisha nakala."

Akaeleza yote, macho sakafuni. Miaka minne nyuma programu ya mashine ilibadilishwa, na tangu siku ile hakujua tena nakala zinatolewaje. Ijumaa ya kwanza alijaribu akashindwa. Ya pili aliandika bahasha akisema atajifunza wiki ijayo. Bahasha mia mbili zilipita hivyo. Akaona afadhali aonekane ameibiwa kuliko ajulikane hajui, ndipo Jumapili akang'oa diski na kuziondoa bahasha zote kabatini.

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ningemuuliza nani? Wote wanaojua nimewafundisha mimi kushika bisibisi."

"Na shemeji yako? Leo siku ya tatu yuko mahabusu."

Profesa alivua miwani. Alisema Jumapili mlinzi ndiye aliyemfungulia mlango, na kwa kuwa ni mtu wa nyumbani hakumwandika kwenye daftari.

"Nilijua atanitaja. Kila gari likilia nje nilidhani ni nyinyi. Hakunitaja. Nikaona aibu hata ya kumpelekea maji."

Inspekta alikuwa na maneno makali mdomoni, akayameza. Alimkumbuka yule binti na bakuli lake pale getini. Naye pia alikuwa ameona aibu kusema bado sijui, akamfunga mtu.

Kituoni alifungua mlango wa mahabusu kwa mkono wake.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikukosea mbele za watu."

Mlinzi aliitikia kwa kichwa. Inspekta akamuuliza kwa nini hakusema.

"Ni mume wa dada yangu, afande. Nilijua atakuja kusema mwenyewe."

Profesa, aliyekuwa amesimama kaunta na pingu mikononi, alisikia. Hakuweza kuinua uso.

"Ungesema tu hujui, shemeji," mlinzi alimwambia. "Mimi getini nasema hivyo kutwa nzima, na hakuna aliyenivua nguo."

Alhamisi yule msichana wa maabara alikuja na diski mpya. Kutoka ile iliyokufa alikuwa ameokoa miaka sita kati ya tisa. Mitatu ya mwisho imepotea, na ingekuwepo nakala moja tu ya kweli isingepotea hata siku moja. Profesa aliomba aletwe, chini ya ulinzi, aikazie diski hiyo skrubu. Akakubaliwa.

Getini mlinzi alikuwa amerudi kazini. Alifungua daftari, akaandika jina la shemeji yake na saa, kisha akasubiri kalamu mkononi.

"Sababu ya kuingia?"

Profesa aliwatazama inspekta, mganga mkuu na yule msichana.

"Sijui kutoa nakala," alisema. "Andika nimekuja kufundishwa."