Koki ya Tolegen

Majirani zangu wa Karaganda, nanyi mnaonisoma mkiwa mbali, nipeni masikio. Jambo hili limeninyima raha tangu Januari.

Jumapili moja ya Septemba tulikuwa kwa Tolegen, ghorofa ya tatu, tukinywa chai ya maziwa. Bibi Zeinep wa ghorofa ya pili, aliyemlea Ainash, binti wa Tolegen, tangu akiwa wa kubebwa, alikuwa akila baursak za moto, yale maandazi yetu, na kumtania mwenye nyumba.

"Chumba si kidogo, mjukuu wangu. Kitambi chako ndicho kimekijaza!"

"Cheka tu, Bibi," alijibu Tolegen. "Nauvunja ukuta wa roshani. Rejeta ya kupashia joto naihamishia huko kwenye vioo vya roshani, meza ya wageni ikae hapa."

Kamshat, mkewe, aliweka kikombe chini. "Ita fundi, Baba Ainash. Na kibali je?"

"Fundi wa nini? Aje aniambie haiwezekani, halafu nimlipe! Mikono ninayo."

Akaihamisha mwenyewe. Elewa, msomaji: katika jengo letu maji ya moto ya mji hushuka kwa bomba moja, yakapita kwenye rejeta ya wa juu kabla ya kumfikia wa chini. Fundi anayeijua kazi yake huacha njia ya pembeni, ili ukifunga yako, jirani asikose. Tolegen hakuiacha. Aliweka koki tu, akajisifu kwa wiki nzima.

Januari baridi ilifika nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri. Ijumaa asubuhi Tolegen na familia yake walikwenda harusini kijijini. Kiungo kimoja cha bomba lake kilikuwa kikidondosha maji, basi akaifunga koki ili asafiri bila wasiwasi. Hakumwambia mtu.

Mimi nakaa ghorofa ya kwanza. Chumba changu cha kulala kilipopoa nilihamia sebuleni, ambako kuna bomba jingine. Bibi Zeinep alikuwa na chumba kimoja tu. Niliipigia simu kampuni ya joto, wakasema mtambo ni mzima. Nikawatukana, maana huku kwetu baridi ikiingia tunailaumu kampuni kwanza, kisha tunaketi kusubiri.

Jumamosi mchana bomba likaanza kugongwa kwa kijiko. Ngo, ngo, ngo. Hapa kwetu mtu hugonga bomba akikerwa na kelele za jirani. Nikasema moyoni, bibi huyu naye kwa kulalamika! Nikaongeza sauti ya televisheni. Jumapili bomba likanyamaza, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumatatu asubuhi ndipo nilipoogopa. Nilifungua kwa ufunguo wake wa akiba. Alikuwa ameketi kando ya rejeta, koti juu ya koti, midomo imekuwa ya buluu. Hita yake ndogo ilikuwa imeungua, na mguu wake mbovu haukuweza ngazi.

"Gulbanu," aliniita kwa sauti ndogo. "Kina Tolegen wazima? Nilidhani bomba lao limepasuka. Niligonga, niligonga... mtoto asije akaungua."

Alifia hospitalini Jumatano.

Fundi wa jengo alipanda akavunja kitasa cha Tolegen. Roshani ilikuwa barafu tupu. Maji yaliyofungiwa yalikuwa yameganda na kuipasua rejeta. Alinionyesha koki: ilikuwa imefungwa.

Alhamisi Tolegen alirudi. Alipita moja kwa moja hadi mlango wa Bibi, mkononi ameshika furushi la nyama na peremende za harusi, sehemu ambayo hupelekewa mzee asiyeweza kwenda.

"Bibi! Fungua, nimekuletea fungu lako!"

Nilimwambia nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Aliendelea kubisha hodi, kana kwamba sikusema kitu.

Rejeta mpya ilirudishwa mahali pake na fundi. Meza ya wageni ipo, wageni hawapo. Kamshat anasema mchana, nyumba ikiwa tulivu, bomba hugongwa. Amemchukua Ainash, wamehamia kwa mama yake. Tolegen amebaki peke yake, na kabla ya kufunga koki yoyote, hata ya jikoni, hushuka kuniuliza kwanza. Nami nimeizima televisheni, ila usinywe chai kwangu kama hutaki kusikia ninachokisikia.

Funzo

Bomba linalopita kwako si lako peke yako. Usiliguse bila fundi wala bila kibali, na usifunge kitu ambacho jirani anakitegemea bila kumwambia. Haya ni ya Tolegen.

Langu ni hili: ukihisi baridi, usiishie kulaumu kampuni. Muulize jirani yako naye anahisi nini. Kutoka mlango wangu hadi kwa Bibi Zeinep ni ngazi kumi na nane. Nimezihesabu baada ya mazishi.