Nakuja, Dada

Haya alinisimulia Spés, mwenzangu wa ghalani hapa Louisville, na Spés si mtu wa kutunga mambo. Ndiye aliyekuwa akiongoza kikundi cha matembezi cha kanisa lao. Oktoba ya 2015 walikodi basi wakaenda kutembea milimani, na walipanga kuondoka kabla jua halijazama.

Jua likazama. Wote walisema wako tayari, isipokuwa Adriano, mdogo wake Spés, ambaye hata ibadani hufika watu wakiaga.

“Adriano!” Spés akaita kutoka mlangoni mwa basi.

“Nakuja!” sauti ikajibu kutoka juu, gizani, katikati ya miti.

Dereva akapiga honi. Spés akaita tena.

“Nakuja, dada!” Sasa sauti ilikuwa karibu zaidi. Majani makavu yalikuwa yametapakaa kote, lakini Spés hakusikia yakikanyagwa.

“Kila siku nakuja, nakuja!” akafoka, karibu alie kwa hasira. “Watu wana zamu asubuhi! Umenichosha, Adriano! Leo tunakuacha!”

Nyuma kabisa ya basi, chini ya rundo la makoti, mtu akapiga miayo.

“Dada, unamfokea nani?” Adriano akauliza, akifikicha macho. “Mimi nimelala hapa muda mrefu.”

Mkono wa Spés ulikuwa bado umeshika mlango ulio wazi.

Hapo nje, chini ya ngazi, sauti ya Adriano ikasema taratibu, “Nimefika, dada.”