Pikapu ya Seremala Inanguruma

Seremala alikuwa na mikono hodari na masikio yenye kiburi. Akigonga ubao mara moja tu, alikuambia kama ni mzima au umeliwa na wadudu kwa ndani. Na kweli, kwa mbao hakuwahi kukosea. Basi akajiona anajua sauti zote za dunia.

Ijumaa ile karakana yake ilijaa madawati mpaka mlangoni. Yalikuwa arobaini. Shule iliyo ng'ambo ya mlima ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, na watoto wa darasa la kwanza hawakuwa na pa kukaa ila sakafuni. Seremala alikuwa amemwahidi mwalimu mkuu kwamba Jumatatu watakuta madawati. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza.

Tatizo lilikuwa pikapu. Ilikuwa inanguruma.

"Leo imezidi," mkewe alisema. Alikuwa anapiga msasa dawati la mwisho. "Nimeisikia tangu kona ile."

"Tairi hizo, mke wangu. Zimechakaa."

"Si ulizitoa za nyuma ukazipeleka mbele? Mbona kelele imebaki nyuma?"

Seremala akatia masikio pamba. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, akacheka. Huyu ndiye aliyekuwa akikaa nyuma ya pikapu kila safari ili kushikilia mzigo. Alikaa upande wa kulia, na mbao nzito zote zikapangwa kushoto ili apate nafasi.

"Shemeji, mimi nakaa juu yake," alisema. "Sauti inatoka kushoto, chini ya mbao."

"Wewe ukipanda tu unakoroma. Hiyo unayosikia ni pua yako."

Kisha akachukua nyundo. Akagonga gurudumu la nyuma la kushoto, akasikiliza. Akagonga la kulia. La kulia likalia kwa sauti mbaya.

"Mgonjwa huyu hapa!" alisema. Akakaza nati zote za kulia mpaka jasho likamtoka. Akaizungusha pikapu mtaani, akarudi. Ngurumo ilikuwa ile ile.

Mkewe aliweka msasa chini. "Sikiliza, baba watoto. Hupandi mlima na kitu hiki. Gurudumu likichomoka kwenye mteremko, nitawaambia nini wanangu? Namwita Mama Spana."

Mama Spana alikuwa jirani yao, fundi wa magari. Alikuja na ovaroli yake yenye madoa ya grisi. Alisimuliwa habari ya nyundo, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Jirani, umegonga gurudumu kama ubao! Hicho kilicholia kulia ni kifuniko tu, kimelegea. Gurudumu huwezi kulijua kwa kuligonga. Tuliendeshe gari kwanza, kisha tuzungushe magurudumu kwa mkono. Twende."

Wakaingia wote wawili, pikapu ikiwa tupu. Mama Spana akaiendesha kwenye barabara iliyonyooka, isiyo na magari. Kadiri mwendo ulivyoongezeka, ngurumo nayo ikaongezeka. Kisha akakanyaga klachi. Injini ikatulia, lakini ngurumo ikabaki.

"Umesikia? Injini imepumzika, yeye bado anaimba. Kwa hiyo si injini. Na tairi ulishazihamisha, sauti isihame. Sasa angalia."

Akapunguza mwendo, akakata usukani kidogo kulia. Ngurumo ikapanda. Akakata kushoto. Ikashuka.

"Gari likikata kulia, uzito unalalia wapi?"

Seremala akafikiri. Aliona mwenyewe mwili wake umeegemea upande gani. "Kushoto," akasema polepole.

"Basi gurudumu la kushoto likilemewa ndipo linapolia. Nadhani ni beringi ya nyuma kushoto. Hiyo ndiyo inayoliwezesha gurudumu kuzunguka laini. Lakini tusikate kauli bado."

Waliporudi, Mama Spana alisogeza kiganja karibu na katikati ya kila gurudumu la nyuma bila kugusa, maana chuma huweza kuunguza. La kulia lilikuwa vuguvugu. La kushoto lilikuwa linatoa joto kama sufuria.

Akaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele ili gari lisitembee. Akatoa gia, akalegeza breki ya mkono. Akainua nyuma kwa jeki, kisha akaweka stendi za chuma chini yake, kulia na kushoto.

"Jeki peke yake usiiamini hata siku moja," alisema. "Haya, zungusha la kulia."

Seremala akazungusha. Likaenda laini.

"Sasa la kushoto. Mkono mwingine uweke kwenye springi, usikie mtetemo."

Alizungusha, na uso wake ukabadilika. Ndani ya chuma kulikuwa na kitu kinakwaruza, kama mchanga kwenye mashine ya kusagia. Mama Spana akamwambia ashike gurudumu juu na chini, alitikise. Likacheza.

Seremala akageuka kwa shemeji yake. "Shemeji, nisamehe. Ulisema kweli."

"Sema kwa sauti, dada hajasikia!"

"Nimesikia," mkewe alisema, "na nitakukumbusha kila sikukuu."

Jumamosi Mama Spana alifungua gurudumu lile gerejini kwake. Beringi ilitoka imechimbika, grisi yake imekauka kama tope. Akaweka mpya, pamoja na mpira mpya wa kuzuia grisi isivuje.

"Kwa mzigo ule wa upande mmoja, lazima ichoke upesi," alisema. "Panga uzito sawa pande zote. Na mzigo hufungwa kwa kamba, jirani. Mtu si kamba. Mweke mbele, afunge mkanda."

Jumapili walifanya safari mbili, madawati ishirini kila safari, yamefungwa barabara. Kwenye mteremko mrefu seremala alifungua kioo. Hakusikia ngurumo yoyote, ila upepo na shemeji akiimba vibaya. Baada ya safari ya kwanza alikagua nati kama alivyofundishwa.

Jumatatu asubuhi alisimama kwenye dirisha la darasa la kwanza pamoja na mkewe. Watoto waliingia mbio, wakapigania viti vya mbele, kisha wakakaa. Mwalimu akaandika herufi moja ubaoni. Vichwa vikainama, na penseli zote zikaanza kuandika juu ya madawati.

Seremala alilia waziwazi, bila aibu. Mwalimu mkuu akatoka akamshika mkono. "Darasa la pili nao wanakaa chini," alisema. "Utawaletea lini?"

"Mwezi ujao," seremala alijibu. "Na yatafika."