Sifuri Alizofuta Azlan

Pampu ya dawa ikiwashwa, kioo chake hutakiwa kusoma sifuri. Ijumaa hiyo, katika ofisi ya watengenezaji wake huko Penang, Malaysia, kilisoma 500. Azlan, mwandishi wa programu, akaizima, akaiwasha. 500 tena.

"Lan, kunanuka karafuu maiti humu," akanong'ona Norliza, mpimaji wa mitambo.

"Acha uoga wewe. Dawa ya mende hiyo."

Lakini jasho lilimtoka. 500 ndicho kipimo kilichomuua mzee wa watu hospitalini, na kosa lile akatwishwa Mastura, aliyeandika programu ya kuendesha pampu. Mastura alikuwa na desturi yake: kila kisanduku cha kumbukumbu alikitilia sifuri kwanza, kisibaki na makombo ya kazi iliyopita. Azlan, bwana usafi wa kujionyesha, aliziona sifuri zile takataka, akazifuta ili programu ionekane fupi, na 500 ya kazi iliyopita ikabaki kisandukuni ikamwendea mzee yule. Alizifuta kwenye kompyuta ya Mastura, kwa jina la Mastura. Mwenzake alipofukuzwa, akanyamaza. Mwezi haukuisha, Mastura wa watu akafa kwa presha. Mimi simhurumii Azlan hata kidogo.

Norliza akamwita Haji Saidin, mganga. Mzee akasoma dua, akasikiliza, akamgeukia Azlan.

"Marehemu mwenyewe kalala kwa Mola wake, mwanangu. Hili ni jini lililofuatana naye, nalo lina kisasi. Ubani halitaki. Linataka useme."

"Niseme nini, Tok Haji, mzee wangu?"

"Unakijua."

Azlan akawaandikia wakubwa barua ya kukiri kwenye kompyuta, ikabaki kutumwa tu. Harufu ikakatika, kioo kikasoma sifuri, Haji na Norliza wakatoka.

Alipobaki peke yake aliisoma ile barua, akaona kazi, gari na sifa zake vyote vinakwenda, akajiambia marehemu harudishwi na karatasi, akaifuta yote, na harufu ikaanza upya, kwanza mlangoni, kisha kitini pake, kisha shingoni, kama pumzi ya mtu aliyeinama kusoma anachoandika mwenzake, na pampu ikanguruma ilhali waya wake umechomolewa.

"Mastura, naandika! Naandika sasa hivi!"

Vidole havikumtii. Alipotazama chini, mrija wa pampu ulikuwa umeshaingia mshipani.

Norliza alimkuta saa tisa alasiri, ameshakufa. Barua aliyoifuta iliwafikia wakubwa saa kumi na nusu, neno kwa neno kama alivyoiandika.