Kambi ya Ngoma Nyuma ya Kuze

Gurudumu la mkokoteni uliobeba mahema ya Dama liling'oka katikati ya mteremko wa Feri saa moja asubuhi, watu wa Likoni wakipanda kwenda makazini kwa mamia. Vijiti vya mahema vikamwagika. Askari alipuliza firimbi, wauza mihogo wakalalama, na Dama, leso yake ya manjano imemponyoka kichwani, akasimama juu ya rundo lake asiondoke.

"Dada, simama kando, utakanyagwa," mtu alimwambia kwa nyuma.

"Nikisimama kando, mahema yatakwenda na nani?"

"Na mimi."

Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu, mikono ya shati imekunjwa, vumbi la mbao lingali kwenye nyusi zake. Aliokota vijiti vyote, akavifunga kwa kamba, akasimamisha tuktuk. Jina lake Zein, fundi seremala wa mtaa wa Kuze. Njiani aliuliza mahema yote yale ni ya nini.

"Ya tamasha la ngoma za asili. Mimi ndiye msimamizi wa kambi, mwaka wa pili huu. Wazee wangu watoka Mariakani, Lungalunga, mpaka Pate. Mchana hupiga jukwaani. Usiku hupika chungu kimoja, wakapigiana ngoma wenyewe mpaka wachoke. Twakaa kile kiwanja cha nyuma ya Kuze."

Zein aligeuza uso, akatazama barabara. Kisha akasema kiwanja kile anakijua, na vigingi atamchongea.

Kwa wiki tatu alikuja kila alasiri na msumeno wake. Dama alikuwa karani wa wakala wa mizigo. Akitoka kazini alipita kambini moja kwa moja, viatu mkononi, na asipomkuta Zein, simu ilikuwa inalia kabla hajaketi.

"Umekula, roho yangu?"

"Nile nini nawe umenijazia vigingi? Vingine virefu kukushinda wewe."

"Nitakuja nivipunguze. Na wewe nikupunguze wapi?"

"Mimi niache hivi hivi, Zein. Fundi mwenyewe hajamaliza kunitazama."

Tamasha likaanza. Asubuhi ya pili, wazee wakinywa uji, ikaletwa barua kutoka ofisi ya kaunti: ngoma za usiku zisimame mara moja, kwa malalamiko ya wakazi kumi na mmoja. Saini ziliambatanishwa. Ya kwanza ilikuwa ya Zein, ya tarehe ya miezi miwili nyuma.

Dama alimpigia papo hapo. "Saini hii ni yako?"

"Ni yangu. Niliitia kabla sijakujua."

"Na ulipokwisha kunijua?"

"Niliogopa kukwambia. Dama, mpenzi, nisikilize—"

"Umechonga vigingi vya kambi uliyotaka ifungwe. Usinipigie tena."

Mzee Mung'aro, kiongozi wa wapiga kayamba, alikuwa ameshaanza kukunja mkeka wake. "Mwanangu, ngoma ya usiku haipigwi mchana," alisema. "Sisi twarudi kwetu."

"Nipe mpaka magharibi, baba."

Dama alinawa uso, akavaa buibui, akaingia Kuze na barua mkononi. Angeanza na jina la kwanza.

Aliyefungua mlango alikuwa Bi Maisara, mamake Zein, asumini nyweleni na macho makavu.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Dama wa kambini."

"Marahaba. Nakujua. Pita."

Bi Maisara hakungoja kuulizwa. "Mwaka jana babake Zein alikuwa chumba kile cha juu, hali mbaya. Spika zenu zilielekezwa huku. Usiku wake wa mwisho alitaka kumwambia mwanawe neno. Zein alimwinamia mpaka sikio likagusa mdomo. Hakulisikia. Mpaka leo halijui."

Dama aliikunja ile barua. "Spika zile nilizikodi mimi, mama. Sikujua kama kuna mgonjwa, wala sikuuliza. Naomba radhi."

Bi Maisara aliiashiria barua. "Na leo wataka nini?"

"Wazee wapige bila spika, kayamba na ngoma tupu, wakielekea baharini. Na kila jioni nipite nyumba hizi niulize kama kuna asiyejiweza. Akiwepo, tunanyamaza. Ukikataa, nikatalie, niwaambie wazee wafunge safari."

"Mimi sikukatalii. Lakini zipo nyumba nyingine, na mwenzako amekutangulia. Tangu asubuhi yuko vichochoroni."

Dama alimkuta kwenye kona ya tatu, shati limelowa jasho, karatasi mkononi.

"Sita wameondoa saini zao," Zein alisema. "Yangu ya saba."

"Zein, ni mimi niliyekodi spika zile."

"Nalijua tangu siku ya tuktuk. Uliponiambia huu ni mwaka wa pili."

"Ukaja ukanichongea vigingi?"

"Siku ya kwanza nilikuja nikuchukie nikiwa karibu. Nikashindwa. Kisha nikaona nikikwambia, utalibeba jambo hili maisha."

"Ni langu, acha nilibebe. Lakini usinifiche tena kitu."

"Sikufichi."

Kichochoro cha Kuze kina macho kila dirisha, hawakuweza kushikana mikono. Dama alishika ncha ya pili ya karatasi, wakaendelea hivyo. Watatu waliwakubalia. Wa kumi na mmoja, Mwalimu Abdulbasit wa madrasa, alisema saa sita usiku iwe mwisho, hata dakika isizidi. Ngoma za Mung'aro zilizoea kukesha. Dama aliuma mdomo, akatia saini sharti lile. Karatasi ikapelekwa kaunti, na kabla ya magharibi marufuku yalikuwa yameondolewa.

Usiku ule Bi Maisara alikuja na kiti chake. Kayamba zilisikika kama mvua juu ya makuti, na Zein akasogea karibu na msimamizi wa kambi.

"Nataka kutuma wazee kwenu Mariakani."

"Wakafanye nini?"

"Wakaulize bei ya nazi."

Dama alicheka mpaka akafunika uso kwa leso. "Babangu hana haraka. Wakifika asubuhi atawajibu jioni."

"Na mimi nitajibiwa lini?"

Alitazama saa, akamtazama yeye. "Nimekubali, Zein," alisema. Kisha akainuka kwenda kuwanyamazisha wazee wake, maana saa sita ilikuwa imefika.